Nguo Kuukuu na Heshima ya Mwenye Kuvaa



Katika tafakari za majuma yaliyopita tumekuwa tukipitia matendo ya huruma, na leo tumelifikia lile la kuwavika walio uchi. Tungeweza kulieleza kwa maneno ya katekisimu na kuishia hapo. Tumeona vema zaidi tulieleze kwa historia ya kitu ambacho wengi wetu hatukijui kwa jina, ingawa tumevaa vilivyotoka ndani yake. Kitu hicho ni duka la hisani, yaani lile duka linalopokea bure nguo na vyombo vilivyokwisha kutumika, likaviuza kwa bei ndogo, na mapato yakawaendea wenye shida. Yawezekana shati ulilovaa unaposoma maneno haya lilipata kutundikwa katika duka la namna hiyo kabla halijavuka bahari. Swali linalotuongoza leo ni moja tu: ilikuwaje Wakristo, walioamriwa kutoa nguo, wakaanza kuziuza?

Mfano tuliouzoea tangu mafundisho ya Komunyo ya kwanza ni ule wa Mtakatifu Martino wa Tours, askari wa karne ya 4, aliyelikata joho lake kwa upanga penye lango la mji wa Amiens akampa maskini nusu yake. Joho hilo lilikuja kuheshimiwa kama masalia, na kutokana na jina lake la Kilatini, cappa, yakazaliwa maneno kapela na kapelani. Kwa hiyo kila kapelani wa hospitali au wa jeshi anaitwa, asilijue, kwa jina la nguo kuukuu. Katika picha za Martino tunamwona mtoaji, tunauona upanga na farasi. Maskini yuko chini, pembeni, mikono imenyooshwa. Hatuambiwi kama nusu ile ilimtosha mabegani, wala hakuna aliyemwuliza.

Lakini katika miji ya Ulaya ya zamani, maskini wengi hawakuvikwa na akina Martino. Walinunua. Kabla ya mashine za kufuma, kitambaa kilikuwa ghali mno, na nguo moja ilipita miilini mwa watu wengi kabla haijawa tambara, na tambara lenyewe likauzwa kutengenezea karatasi, maana karatasi ya Ulaya kwa karne nyingi ilitengenezwa kwa matambara ya kitani na pamba. Mjini Paris palikuwa na soko la nguo kuukuu mtaa wa Temple. Mjini London palikuwa na Petticoat Lane na Rosemary Lane. Mwandishi Henry Mayhew, katika kitabu chake cha mwaka 1851 juu ya kazi na maskini wa London, alieleza kwa urefu habari za wachuuzi waliopita nyumba kwa nyumba wakinunua makoti na kofia za zamani. Wengi wao walikuwa Wayahudi, watu waliofungiwa milango ya kazi nyingine nyingi. Hawakuwa wafadhili, walikuwa wafanyabiashara, tena wa kubanana bei. Hata hivyo, kibarua aliyenunua koti kwao aliondoka nalo akiwa hana deni la shukrani kwa mtu yeyote. Tuliweke jambo hili akilini, tutalihitaji mbele.

Sasa twende Paris, mwaka 1833. Mwaka uliotangulia kipindupindu kilikuwa kimeua maelfu ya watu mjini humo, na mtaa wa Mouffetard ulikuwa miongoni mwa mitaa iliyozama katika ufukara. Hapo alifanya kazi Sista Rosalie Rendu, wa shirika la Mabinti wa Upendo, aliyeishi katika utume huo zaidi ya miaka 50, hadi alipofariki mwaka 1856. Alifungua zahanati, duka la dawa, shule na nyumba ya wazee. Tarehe 23 Aprili 1833, siku aliyotimiza miaka 20, mwanafunzi wa sheria Frédéric Ozanam alikutana na wenzake wachache pamoja na mhariri wa gazeti, Emmanuel Bailly, wakaanzisha kile ambacho leo tunakiita Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo. Vijana hawa walikuwa na ari kubwa na uzoefu mdogo sana wa maskini. Aliyewafundisha ni Sista Rosalie. Aliwapa majina ya familia za kutembelea, na akawapa hati ndogo za karatasi ambazo maskini aliweza kuzibadili kwa mkate au kuni.

Tunaomba msomaji asizipuuze hati hizo. Kijana wa chuo kikuu anayepanda ngazi za giza akiwa na mkate kwapani, anaonwa na jirani wote. Na aliyepelekewa mkate anaonwa pia. Anayekuja na karatasi mfukoni, akaketi, akaulizia habari za watoto, na kuiacha karatasi ile mezani, anafanya jambo jingine. Kesho yake mama wa nyumba huenda dukani kwa miguu yake, akiwa mteja. Kanisa lilimtangaza Ozanam kuwa Mwenye Heri mwaka 1997, na Sista Rosalie mwaka 2003.

Duka lenyewe la hisani, tuseme kweli, lilikuzwa zaidi na ndugu zetu Waprotestanti. William Booth, mwasisi wa Jeshi la Wokovu, alipendekeza mwaka 1890 kwamba mabaki ya nyumba za matajiri wa London yakusanywe, na wasio na kazi wapate riziki kwa kuyachambua na kuyatengeneza. Miaka 12 baadaye, mwaka 1902, mchungaji Mmetodisti Edgar Helms wa Boston, Marekani, alianza kupita mitaa ya wenye nacho akiwa na magunia ya kukusanyia nguo na viatu. Wahamiaji maskini wa mtaa wake walilipwa kushona yaliyochanika na kutengeneza yaliyovunjika, kisha vitu vikauzwa kwa bei ya kumwezesha fukara kununua. Kazi hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa Goodwill. Kauli yake ilikuwa kwamba watu hawa hawahitaji sadaka bali nafasi.

Yapo mengine yaliyofuata, nasi tutayataja kwa haraka. Huko Oxford, Uingereza, kamati iliyoundwa mwaka 1942 kwa ajili ya wenye njaa wa Ugiriki, ambayo leo tunaijua kwa jina la Oxfam, ilifungua duka mtaa wa Broad Street mara baada ya vita, na duka hilo lingali pale. Huko Ufaransa mwaka 1949, padre Henri Grouès, aliyejulikana kama Abbé Pierre, alianzisha jumuiya ya Emmaus, ambamo watu wasio na makao waliishi pamoja na kujipatia riziki kwa kuokota na kuuza vitu vilivyotupwa. Inasimuliwa kwamba mwenzi wake wa kwanza alikuwa mtu aliyetoka gerezani na kujaribu kujiua, na padre hakumwahidi msaada bali alimwomba yeye aje asaidie. Simulizi hiyo tumeihubiri sana mimbarini. Sasa hatuna budi kuongeza kwamba tangu Julai 2024 mashirika hayohayo ya Emmaus yalitangaza hadharani shuhuda za wanawake wengi waliomtuhumu padre huyo kwa ukatili wa kijinsia, na mwaka 2025 taasisi ya makazi iliyoitwa kwa jina lake ilibadili jina. Wanawake hao walinyamaza miaka mingi kwa sababu aliyewaumiza alisifiwa na taifa zima kwa huruma yake. Mwenye kutoa anapoinuliwa juu mno, anayepokea hana pa kupeleka malalamiko. Na hili halihusu Ufaransa peke yake.

Nasi tulipata kuionja kazi ya duka la namna hiyo. Tulipokuwa masomoni ng'ambo, parokia tuliyokaa ilikuwa na duka la hisani, na kwa Jumamosi za miaka miwili tulitoa mkono. Kazi yenyewe haina fahari. Mifuko myeusi ya nailoni hushushwa mlango wa nyuma na kufunguliwa juu ya meza ndefu. Kila vazi hukaguliwa kwapani, kwenye kola na kwenye zipu; kisha hupekuliwa mifukoni, ambamo tulikuta tiketi za basi, leso, na mara moja rozari. Kinachofaa hupigwa pasi, hutundikwa kwenye henga na kubandikwa bei. Kisichofaa hutupwa ndani ya gunia la wanunuzi wa kwa kilo. Wenzetu karibu wote walikuwa bibi wastaafu waliobishana juu ya bei ya sweta kana kwamba wanauza ng'ombe mnadani.

Kulikuwa na mzee mmoja aliyekuja kila Jumamosi. Aligusa kila koti, akasema habari za baridi, akaondoka bila kununua, au siku nyingine akiwa na kikombe kimoja. Bibi wa kaunta alimjua kwa jina. Mzee alipokosekana wiki mbili mfululizo, bibi yule alivaa koti lake akatuachia sanduku la fedha, akaenda kubisha mlangoni kwa mzee. Alikuwa na mafua tu. Siku nyingine aliingia mama kijana na watoto wawili, akijaribu viatu huku akihesabu sarafu kiganjani. Viatu vilimwenea, na bei aliimudu. Akavitazama kwenye kioo, akavivua akasema havipendezi. Bibi wa kaunta akavitazama naye, akakubali kwamba kweli havipendezi, akavirudisha rafuni. Tulilitafakari tukio hilo kwa muda mrefu. Katika foleni ya msaada, ni nani aliyewahi kusema viatu havipendezi? Akisema hivyo tutamwita mtovu wa shukrani. Hapa alikuwa mteja, na mteja ana haki ya kukataa.

Tulimpokea pia mjane aliyeleta nguo za marehemu mumewe ndani ya sanduku, kila shati limepigwa pasi na vifungo vyote vimefungwa. Aliomba jambo moja, kwamba koti la rangi ya kahawia lisiwekwe dirishani, kwa kuwa yeye hupita mtaa ule kila siku kwenda Misa. Tulilitundika nyuma kabisa. Lilinunuliwa Jumamosi ambayo hatukuwapo, na hatukujua lilikwenda kwa nani.

Hapo ndipo tulipolielewa jina la zamani ambalo wazee wetu waliipa nguo ya namna hiyo: kafa ulaya. Tulipokuwa watoto tulidhani ni dhihaka. Kumbe mara nyingi ilikuwa habari ya kweli.

Njia ya nguo kutoka kule hadi kwetu si ya kificho. Duka la hisani huuza sehemu tu ya kinacholetwa. Kinachobaki huuzwa kwa uzito kwa wafanyabiashara, hupangwa kwa aina na daraja, hukandamizwa kwa mashine na kufungwa katika marobota, kisha husafirishwa kwa meli. Neno mitumba lenyewe lina umri kuliko biashara hii. Mtumba ni furushi, mzigo wa kitambaa, na katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda bara ilibeba mitumba ya kitambaa kilichoitwa merikani, kwa sababu kilitoka Marekani, na kwa sehemu kubwa katika jimbo la Massachusetts, ambako ndiko uliko mji wa Boston wa mchungaji Helms. Nguo za watu wale zimekuwa zikipanda na kushuka mabegani mwetu kwa muda mrefu.

Waliokuwa watu wazima mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanaikumbuka foleni ya kanga na sabuni. Viwanda vyetu, Urafiki wa Dar es Salaam, Mwatex wa Mwanza na vinginevyo, vilikosa vipuri na fedha za kigeni, na madukani mlikuwa na rafu tupu. Serikali ilipolegeza masharti ya kuagiza bidhaa mwaka 1984, mitumba iliingia kwa wingi, na tangu hapo masoko kama Karume pale Ilala yamewavika watu wa kila hali, pamoja na mapadre. Tusisahau kwamba viwanda vilikuwa vimekwisha kudhoofika. Mitumba iliwakuta kitandani. Wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki waliamua mwaka 2016 kwamba nguo hizi ziondolewe hatua kwa hatua. Wafanyabiashara wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao, nchi zikarudi nyuma moja baada ya nyingine, na Rwanda iliyoshikilia msimamo ikasimamishiwa mwaka 2018 nafuu ya kuuza nguo Marekani bila ushuru. Mkulima wa pamba wa Shinyanga anayo hoja katika mjadala huu, tena nzito. Ila tumechoka kusikia watu wenye fundi wao wa suti wakisema mitumba inatudhalilisha, ilhali hawajamwuliza anayeivaa.

Yuko mama mmoja wa parokia yetu mwenye meza pale Karume. Hununua robota la mashati ya kiume bila kuliona ndani, na anasema kulikata kamba kunamtia moyo mwendo kasi hata baada ya miaka mingi, maana mna mashati ya daraja la kwanza na mna matambara, na mtaji wote uko humo. Soko lilipoungua alfajiri ya Jumapili tarehe 16 Januari 2022 alipoteza kila kitu, akaanza upya kwa mkopo wa VICOBA. Tulimwuliza wateja wake ni akina nani. Akatujibu kwamba Januari ni wazazi wa watoto wa shule, Desemba ni wanaokwenda nyumbani Krismasi, na katikati ni vijana wanaoitwa kwenye usaili wa kazi. Hao wa usaili huwajua kwa sababu wanauliza kioo kabla ya kuuliza bei. Wasiotimiza fedha huwaandika daftarini. Kuna majina, alisema, ambayo hayafuti wala hayadai.

Huyu hajawahi kusikia habari za Sista Rosalie wala za Booth. Lakini daftari lake na hati zile za mkate za mtaa wa Mouffetard vinafanya kazi moja. Tofauti ni kwamba yeye analipa kodi ya meza na riba ya mkopo, na hakuna atakayemtangaza Mwenye Heri kwa ajili ya mashati.

Tumeyaandika haya kwa sababu. Katika Kwaresima iliyopita familia zenu zilitoa nguo kwa ukarimu, na magunia 14 yamo katika chumba kilicho nyuma ya sakristia. Ndugu zetu wa Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo wanapendekeza zigawiwe bure baada ya Misa, kama ilivyo desturi. Akina mama wa WAWATA wanapendekeza ziuzwe ukumbini, vazi kwa shilingi 500, na fedha zisaidie wagonjwa. Wapo waliokwaza na wazo hilo, na mmoja alituuliza kwa uchungu iwapo Kanisa limegeuka mnada. Swali lake ni la haki, maana Bwana wetu alisema tuwavike walio uchi, hakusema tuwauzie, na katika parokia hii wako ambao 500 ni unga wa siku.

Maoni yetu, ambayo si amri, ni kwamba nguo ziuzwe, na kwamba kila Jumuiya Ndogondogo ipewe vocha za karatasi, iwapelekee kimyakimya wale inaowajua, nao waje wachague kama wengine, katika siku ileile na kwenye kaunta ileile, anayelipa kwa shilingi na anayelipa kwa vocha. Mwenye kutaka kurudisha arudishe. Anayeona shati halimpendezi aliache. Katika ugawaji wa mwaka jana katekista alitueleza kwamba watu watatu aliowataja yeye mwenyewe hawakufika, na alipowafuata nyumbani walisema hawakutaka kuitwa majina mbele ya kanisa. Hao watatu ndio tunaowafikiria.

Halmashauri Walei itakaa Jumapili ijayo baada ya Misa ya pili ili kuamua. Mama wa Karume amekubali kuja kutufundisha kupanga na kuweka bei, na amesema wazi kwamba nusu ya tulivyokusanya havifai hata kwa bure, kwa hiyo tunaomba wenye mikono ya ushonaji wafike Alhamisi saa tisa alasiri na sindano zao. Kioo kirefu tumeshapewa na fundi seremala wa jumuiya ya Mtakatifu Yosefu. Bado tunahitaji henga, na pazia la chumba cha kujaribia.